Maswali ya Nyumbani: Nyumba ya Mujane ni ya Nani?



Katika miji yetu ya migodi, tangu Kipushi mpaka Kolwezi, maswali ya sheria hayangoji mutu aende kwa avoka. Yanamufuata muchungaji kisha ibada, yanaingia katika mukutano wa wamama, yanatokea hata katikati ya kilio, wakati watu wangali wanalala chini. Mwezi huu tunakamata maswali matano ya namna hiyo. Tunajibu kama vile avoka anavyojibu, kufuatana na Sheria ya Jamaa ya inchi yetu. Sheria hiyo ni namba 87-010 ya tarehe 1 Agosti 1987, na ilitengenezwa upya katika sehemu nyingi kwa sheria ya tarehe 15 Julai 2016. Kama uko na bibi ao bwana, someni pamoja.

SWALI LA 1. “Bwana yangu alikuwa anatumika ku mine. Alikufa, miezi mitatu imepita. Kisha kilio, bandugu yake walikuja wakabeba frigo na televisheni. Sasa wanasema nyumba ni ya ndugu yao, mi nirudie kwetu na batoto. Tulioana kanisani, na mali ya ndoa ililipwa yote. Niko na haki?” (Mama mujane, Likasi)

Ndiyo, mama, uko na haki. Lakini mbele ya kukujibu, avoka atakuuliza neno moja: cheti cha ndoa cha eta sivili kiko wapi?

Hapa ndipo wakristo wengi wanashikwa. Ndoa ya kanisa ni baraka kubwa mbele ya Mungu na mbele ya ushirika, lakini sheria ya Kongo haiihesabu kuwa ndoa. Sheria inajua milango miwili tu. Mulango wa kwanza ni ndoa inayofungwa na mukubwa wa eta sivili ku komine. Mulango wa pili ni ndoa inayofungwa katika jamaa kufuatana na desturi, kisha inaandikishwa kwa eta sivili, na sheria inatoa mwezi mumoja kwa kuiandikisha. Picha za arusi na karatasi yenye muhuri wa kanisa haviwezi kukamata pahali pa cheti hicho.

Kama hamukuandikisha, usikate tamaa. Avoka atatafuta ushuhuda: watu wa jamaa zote mbili waliokaa siku ya mali, daftari ya mali yenyewe, majirani. Ataomba tribunali ikubali kwamba ndoa ilikuwako. Lakini njia hiyo ni ndefu, na mara nyingi wale wanaokufukuza ndio wale wale unaowahitaji kwa kushuhudia.

Kama cheti kiko, basi tuhesabu. Siku ya kuandikisha ndoa, bibi na bwana wanaweza kuchagua namna mali yao itakavyokaa. Kama hawakuchagua, sheria yenyewe inawaweka katika namna moja: vitu walivyopata kwa kazi yao kisha kuoana ni vyao wawili, nusu kwa nusu. Hata kama bwana peke yake alikuwa anapokea mushahara, na bibi alikuwa anapika, analea watoto na kuuza unga wa muhogo sokoni, nusu ni ya bibi.

Kamata mufano wa nyumba ya dola 12 000, waliyoinunua kisha kuoana. Nusu yake, dola 6 000, si uriti hata kidogo. Ni mali ya mama, ilikuwa yake hata wakati bwana alikuwa angali muzima. Dola 6 000 za bwana ndizo zinakuwa uriti. Kwanza yanalipwa madeni ya marehemu. Kama hakuna deni, sheria inagawanya hivi:

– Watoto wote pamoja wanapata robo tatu, ni kusema dola 4 500.
– Robo inayobaki, dola 1 500, inakatwa kwa makundi matatu: mujane, kisha baba na mama ya marehemu, kisha kaka na dada za marehemu. Kama makundi yote matatu yako, kila kundi linapata dola 500.

Umeona? Katika nyumba ya dola 12 000, kaka na dada za marehemu, hata wakiwa kumi, wanagawana dola 500. Na hata sehemu hiyo haiwapi ruhusa ya kumutosha mujane, sababu sheria inamupa haki ya kuendelea kukaa katika nyumba alimoishi na bwana yake na kutumia vyombo vya ndani. Basi frigo ile irudi.

Ninyi ndugu za marehemu munaosoma hapa, musikasirike. Sheria haikuwatupa, imewapa sehemu yenu. Lakini sehemu yenu si nyumba nzima.

SWALI LA 2. “Mujomba yangu alikufa. Ku desturi yetu, mupwa njo anariti mujomba. Bazee bananisukuma nikamate parseli, lakini mujomba ameacha batoto ine. Nifanye nini?” (Kijana, Lubumbashi)

Kijana, umefanya vizuri kuuliza mbele ya kukamata. Desturi yenu tunaijua. Kwa Babemba, kwa Balamba, na kwa makabila mengine ya upande wetu, ukoo unapita kwa mama, na mupwa ndiye alikuwa anaingia pahali pa mujomba yake. Desturi ile haikuwa wizi. Watoto wa marehemu nao walikuwa na mujomba yao, na yule aliyeriti alipaswa kuangalia mujane na yatima. Aliriti mali pamoja na muzigo. Leo katika muji mara nyingi tunaona mali inabebwa na muzigo unaachwa njiani.

Kwa sheria, watoto ni warithi wa kwanza, baba yao awe wa kabila gani. Mupwa hana sehemu yake mwenyewe. Kama mama yako alikufa mbele ya mujomba, unaweza kusimama pahali pake katika ile sehemu ndogo ya kaka na dada, basi. Mujomba angeweza kukuachia kitu kwa wosia, lakini hata wosia hauna ruhusa ya kula sehemu ya watoto.

Jibu wazee kwa heshima. Uwaambie: “Munipe kazi ya kulinda, musinipe parseli.” Kwa kila uriti kunahitajiwa mutu wa kuhesabu mali, kulipa madeni na kugawanya. Kwa kawaida ni mukubwa kati ya warithi, ao mutu ambaye warithi wanamuchagua. Kama watoto wangali wadogo na mujane anakuamini, wewe unaweza kumusaidia. Hapo utakuwa umeshika desturi upande wake muzuri.

SWALI LA 3. “Niko na miaka 24, nachimba ku kariere. Naishi na binti, tumezaa mutoto mumoja. Bakwe wanaomba mali mingi, sijamaliza. Ku sheria, mutoto ule ni wangu?” (Kijana, Kolwezi)

Ni wako kama unamutambua. Fanya mambo mawili, na usiyachanganye.

Kwanza, kuzaliwa kwa mutoto kunaandikishwa kwa eta sivili katika siku 90. Cheti hicho ni cha bure. Ukiacha siku hizo zipite, itakupasa kupitia tribunali mbele ya kupata cheti, nayo inakula wakati na feza.

Pili, kwa sababu hamujaoana mbele ya sheria, inakupasa kumutambua mutoto mbele ya eta sivili kwamba wewe ni baba. Mutoto aliyezaliwa inje ya ndoa na akatambuliwa wakati baba angali muzima anariti sawasawa na wale wa ndani ya ndoa. Ukikufa bila kumutambua, mama yake ataanza kuhangaika tribunalini kwa kuonyesha ubaba wako, na wewe hutakuwapo kwa kusema ndiyo. Wewe unashuka shimoni kila asubui. Usiache neno hili kwa kesho.

Kwa mali ya ndoa, sheria inaitaka iwepo, lakini haisemi kwamba lazima imalizike kabisa mbele ya ndoa. Sehemu inaweza kutolewa, na ingine ikabaki kwa mapatano. Tuma wazee wako wakaongee na wakwe, kisha mwende wote ku komine. Lakini angalia miaka ya binti. Sheria ya 1987 ilikuwa inakubali binti aolewe na miaka 15, lakini sheria ya 2016 imeandika miaka 18 kwa wote wawili. Hakuna mali wala ruhusa ya wazazi inayoweza kupunguza hesabu hiyo.

SWALI LA 4. “Tulinunua parseli. Tuliandika ku kaye, mwenye kuuzisha alisaini na bashahidi babili. Inatosha?” (Baba wa jamaa, Kambove)

Haitoshi, baba. Karatasi ile inaonyesha kwamba ulitoa feza. Haionyeshi kwamba parseli ni yako. Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973, udongo wote ni mali ya Leta. Raia anapewa haki ya kuutumia, na haki hiyo inasimama kwa cheti cha kuandikishwa kinachotolewa na konservatere wa vyeo vya nyumba na udongo. Mutu akiuzisha parseli moja kwa watu wawili, kaye mbili zitapigana, na mwenye cheti ndiye atashinda.

Mbele ya kutoa feza, enda kwa konservatere uulize parseli iko kwa jina la nani. Uliza majirani. Uliza kama mwenye kuuzisha ana bibi, na bibi yake akubali mbele ya mashahidi. Ukishalipa, endelea mpaka cheti kitoke. Siku kampuni ya migodi inaomba watu wahame, mwenye karatasi kamili anasema kwa nguvu kuliko mwenye kaye.

Nabii Yeremia alinunua shamba wakati muji ulikuwa umezungukwa na adui (Yeremia 32). Alipima feza, aliita mashahidi, alitia muhuri, na karatasi zikawekwa ndani ya chungu zipate kudumu. Alikuwa mutu wa imani, na karatasi zake zilikuwa kamili.

SWALI LA 5. “Mukristo anaweza kwenda tribunalini? Tena, avoka anaomba feza nyingi. Sisi wamasikini tufanye namna gani?” (Mama, Lubumbashi)

Mutume Paulo aliwakaripia Wakorinto waliokuwa wanashitakiana bure (1 Wakorinto 6). Lakini Paulo yule yule, alipoona haki yake inataka kukanyagwa, aliomba hukumu ya Kaisari (Matendo 25). Basi tuanze katika jamaa, kisha tuite wazee wa kanisa. Mapatano yakipatikana, yaandikwe na wote wasaini. Lakini kama mutu anataka kuuzisha nyumba ya yatima, kungoja si uvumilivu. Ni kumusaidia mwenye kunyanganya.

Maneno ya ndoa na uriti yanahukumiwa kwanza na tribunali ya amani, ile watu wanaita Tripaix. Pale unaweza kusimama na kusema wewe mwenyewe, bila avoka. Kama unaogopa, jua kwamba kila chama cha maavoka kinapaswa kuwa na ofisi ya kushauri wamasikini bila kulipa. Uliza ofisi hiyo iko wapi mbele ya kukopa feza. Na neno moja usisahau: usiache cheti chenyewe mukononi mwa mutu. Mupe kopi. Kama unalipa kitu, omba risiti.

KAZI YA MWEZI HUU

Kamateni folda moja, mutie ndani: cheti cha ndoa cha eta sivili, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote, karatasi za parseli, kontra ya kazi, na namba ya CNSS, ile ambayo wazee wangali wanaita INSS. Mujane anayekwenda kuomba pansioni anaulizwa vyeti vya ndoa, vya kufa na vya watoto. Machozi yake hayaandikwi katika dosie.

Mwenye kutaka, aongeze wosia. Unaweza kuufanya mbele ya notere ao mukubwa wa eta sivili. Unaweza pia kuuandika peke yako, lakini wote uwe kwa mukono wako, na tarehe na sinyatire yako. Wosia uliopigwa ku mashini ukasainiwa tu nyumbani hauhesabiwi kuwa wosia wa mukono.

Folda ile bibi na bwana wote wawili wajue pahali iko.

Na kwenu wachungaji wenzangu: wakati vijana wanakuja kuomba tarehe ya arusi, tusiulize tu kama wamekwisha mafundisho. Tuwaulize pia cheti cha eta sivili. Tunapobariki ndoa isiyoandikishwa, tunamuacha dada yetu bila kinga siku bwana yake hatarudi kutoka kazini.

Ya kuzungumuza katika jamaa:
1. Kwetu, cheti cha ndoa kiko? Kama hakiko, tutakwenda ku komine siku gani?
2. Kuna mutoto wetu ambaye hajaandikishwa ao hajatambuliwa?
3. Kuna mujane ao yatima katika ukoo wetu ambaye kitu chake kiko mukononi mwetu? Tutakirudisha lini?

Neema ya Bwana iwe nanyi.