Mzinga Uani Si Ngao



Kuna neno linalosemwa kwa fahari katika nchi yetu hii iliyochoshwa na vita: kijiji chenye mzinga wa kutungulia ndege kimepata ngao. Droni ikivuma juu ya milima, husikika wanaotamani mzinga uwekwe karibu na nyumba zao. Hofu inayozaa tamaa hiyo tunaielewa, maana ni hofu yetu sote. Lakini neno lenyewe tunalikataa, kwa sababu ni uongo unaoua.

Jeshi linalotaka kulinda ndege zake huanza kwa kuyapofusha macho ya adui na kuinyamazisha mizinga yake. Rada ni kama taa ya mvuvi wa ndagala usiku: humwonyesha samaki, lakini pia humwonyesha yeye mwenyewe kwa kila aliye ufukweni. Yako makombora yanayofuata mawimbi ya rada hadi yanakotoka. Mwenye rada akiizima, haoni, akiiwasha, anaonekana. Tarehe 9 Juni 1982, katika Bonde la Bekaa nchini Lebanoni, Israeli ilirusha ndege zisizo na rubani ziwe chambo. Rada za Syria zikawashwa, na kwa siku moja vituo 17 kati ya 19 vya makombora vikaharibiwa.

Bunduki ya kawaida ya kutungulia ndege haina rada, lakini haiepuki kanuni hiyo. Inapofyatuliwa hujitangaza, na rubani anayetaka kurudi salama ataitafuta kwanza. Basi moto wa kwanza huangukia pale ilipo. Ikiwa ipo nyuma ya shule, moto utaangukia nyuma ya shule.

Ardhi yetu ililijua jambo hili mwaka 1965. Ndege aina ya T-28 na B-26 zilishambulia ngome za waasi wa Simba. Zilirushwa na Wakuba wakimbizi waliokuwa wakipinga utawala wa Fidel Castro, na walioajiriwa na shirika la ujasusi la Marekani, CIA. Wakuba wengine, waliovuka ziwa kutoka Kigoma mwezi Aprili pamoja na Ernesto Che Guevara, waliwafundisha waasi kutumia bunduki za kutungulia ndege. Bunduki hizo hazikubadili mwisho wa vita. Mwishoni mwa Septemba mamluki wa Mike Hoare walishuka Baraka kutoka ziwani. Oktoba mji wa Fizi ukatekwa. Novemba Guevara akavuka tena ziwa kuondoka. Wageni wa pande zote mbili walikwenda zao. Wenyeji wakabaki na makaburi.

Mtatuuliza: je, tusijilinde? Kujilinda ni haki. Lakini silaha inayovuta moto kuelekea kwa watoto hailindi watoto. Itifaki ya kwanza ya nyongeza ya Mikataba ya Geneva, ya mwaka 1977, inawataka wapiganaji waepuke kuweka shabaha za kijeshi ndani au karibu na makazi ya watu wengi. Itifaki hiyohiyo haimwachii huru rubani: naye anapaswa kuhakikisha anachokipiga na kuwaepusha raia. Kosa la mmoja halifuti kosa la mwingine.

Tena mzinga haujui abiria. Tarehe 10 Oktoba 1998, karibu na Kindu, kombora la waasi liliangusha Boeing 727 ya Congo Airlines, na watu 41 wakafa. Waasi walidai imebeba askari. Kampuni ilisema ilibeba raia waliokuwa wakikimbia vita. Tarehe 30 Juni 2025 ndege nyingine ilipigwa huko Minembwe. Jeshi lilisema iliingia bila idhini. Wapinzani wake walisema ilileta misaada. Mabishano hayamfufui mtu, na kila ndege inayopigwa humfanya rubani wa dawa asite kuja tena.

Kwa hiyo tunawaambia makamanda wote, wa serikali na wa makundi: ondoeni mizinga yenu karibu na shule, zahanati, makanisa na masoko. Anayejificha nyuma ya mama mwenye mtoto mgongoni asijiite mlinzi wake.

Nanyi vijana, msishangilie kwenye simu zenu ndege inayoanguka kabla hamjajua nani alikuwa ndani. Silaha ikiletwa uani, msiende peke yenu kumkabili mwenye bunduki. Lipelekeni neno kwa wazee, kwa machifu na kwa baraza la parokia, lisemwe kwa sauti ya wengi. Uani kwetu ni mahali pa watoto kucheza. Pabaki hivyo.