Daftari la Matbaa

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kitabu nacho ni mali. Hapo Yakusu, mwendo mfupi ukiteremka Mto Kongo kutoka Kisangani, misheni ya Kibaptisti ya Waingereza iliendesha matbaa iliyochapa vitabu vya shule, nyimbo za kanisani na gazeti la Mboli ya Tengai kwa Kilokele, lugha ya Walokele wa eneo hilo. Leo anayetaka barua na ripoti za wamisionari hao sharti afunge safari hadi Oxford, kwenye maktaba ya Angus ya chuo cha Regent's Park. Kitabu kilichomo rafuni hakisemi yote. Daftari la matbaa ndilo linaloeleza nakala ngapi zilichapwa, karatasi iligharimu kiasi gani, na ni Mlokele gani aliyesahihisha tafsiri kwa penseli bila jina lake kuwekwa jaladani. Chuo Kikuu cha Kisangani, kilichoanza mwaka 1963, kina kila haki ya kudai nakala za kidijitali za hati hizo zilizoko Oxford. Na wachapaji wetu wa leo wasifungie maandazi kwa ankara na miswada yao. Watafiti wa kesho watayahitaji makaratasi hayo.