Elimu na Vijana: Nani Aliyekwenda Juani Akachota?

Mwanafunzi wetu mmoja wa darasa la jioni alituuliza: "Maalim, hao wasemao kuwa jua ni haidrojeni na heliamu, ni nani katika wao aliyekwenda akachota?" Tukamjibu kwa haraka kuwa hayo ni makisio ya watu tu. Wenziwe wakacheka, naye akanyamaza. Baadaye tulisoma na kuwauliza wajuao, tukaona kuwa jawabu letu lilikuwa kosa. Kwa kuwa tulikosea mbele ya watu, twasahihisha mbele ya watu.

Tuanze jikoni. Mchuzi ukifurika juu ya jiko la gesi, moto wa buluu hugeuka manjano kwa kitambo. Rangi hiyo ni ya sodiamu iliyomo katika chumvi. (Wala mtu asituletee hoja ya koroboi: manjano ya moto wake ni ya masizi yanayong'aa, hayahusiani na chumvi.) Lakini jicho peke yake hudanganyika, kwani manjano ni nyingi. Ipitishe nuru ya moto wa chumvi katika upenyo mwembamba, kisha katika kioo cha pembe tatu, utaona mistari miwili ya manjano iliyokaribiana sana, na kila mara mahali pake ni pale pale. Bunsen na Kirchhoff, huko Heidelberg, Ujerumani, walibainisha katika miaka ya 1859 na 1860 kuwa kila elementi ina mistari yake yenyewe.

Sababu yake ilikuja kufahamika zaidi tangu mwaka 1913, kwa kazi ya Niels Bohr wa Denmark. Elektroni za atomu hazikai popote. Zina madaraja ya nishati, mfano wa ngazi ya kupandia darini: mguu hukanyaga kidaraja hiki au kile, wala hauelei katikati. Elektroni ikipewa nishati hupanda. Ikishuka hutoa nuru iliyo sawasawa na tofauti ya madaraja yale mawili. Ya haidrojeni ikishuka toka daraja la tatu hadi la pili hutoa nuru nyekundu ya nanomita 656, na nanomita ni sehemu moja katika milioni ya milimita. Madaraja ya sodiamu ni mengine, na ya chuma ni mengine, kwa hivyo na mistari yao ni mbalimbali.

Sasa tulirudie jua. Tarehe 18 Agosti 1868 jua lilipatwa, na kivuli kikapita Aden, kikavuka bahari mpaka Bara Hindi na Siam. Mfaransa Janssen alikuwa Guntur, Bara Hindi, akaipima nuru ya ndimi za moto zitokazo ukingoni mwa jua, akaona mistari ing'aayo. Tarehe 20 Oktoba mwaka ule ule, Lockyer wa Uingereza aliipima bila ya kungoja jua lipatwe. Katika mistari hiyo ulikuwamo mmoja wa manjano, ambao baadhi ya watu waliudhania kuwa ni wa sodiamu. Lakini mistari ya sodiamu iko kwenye nanomita 589.0 na 589.6, na huu ulikuwa kwenye 587.6. Tofauti haifiki hata nanomita mbili! Lockyer akashikilia kuwa ni elementi isiyojulikana duniani, ikaitwa heliamu, kwa jina la Kiyunani la jua. Wengi hawakukubali. Alingoja miaka 27, hata mwaka 1895, Ramsay, akiwa London, alipoipata gesi iliyotoka katika jiwe lenye urani, akaitia umeme, na mstari ule ule ukatokea.

Basi hakuna aliyekwenda kuchota. Nuru yenyewe ndiyo iliyoletwa ikapimwa. (Vijana, msilikodolee jua macho kwa ajili ya maneno haya, litawapofusha.)

Tumemtaka radhi kijana yule mbele ya wenziwe. Akakubali, kisha akauliza: "Na mwezi je, Maalim, usiokuwa na nuru yake?" Safari hii tumemwambia atungoje mpaka mwezi ujao.