Chakula kilichomo ndani ya mwalimu (herufi 4)

Usiteremke kwanza. Soma tena kichwa cha habari hapo juu, halafu chukua kalamu.

Mimi kidokezo hicho kilinitoa jasho. Jumapili moja rafiki yangu, mwalimu wa hisabati sekondari, alinipa karatasi ya daftari yenye visanduku alivyovichora mwenyewe kwa rula. "Wewe si mwandishi? Haya." Nikaanza na ugali, herufi tano. Chai? Herufi nne, nikaona sawa, maana walimu na chai ya mapumziko ni ndugu. Ikagombana na neno la kwenda chini, nikafuta. Nikahamia kwenye mambo makubwa: elimu kama chakula cha ubongo, hekima, na upuuzi mwingine wa aina hiyo. Dakika ishirini nzima! Ndipo nikaacha kumwaza mwalimu mwenye kaunda suti na chaki mkononi, nikaliangalia neno lenyewe. M-wali-mu. Wali! Umekaa humo tangu siku tulipofundishwa kusoma. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Sasa linganisha na chemsha bongo za magazetini tulizozizoea. "Mji mkuu wa Burundi (9)". "Kinyume cha usiku (6)". Unajua au hujui, basi. Kama hujui, simu yako inajua. Na hata hivyo wanakosea: mwaka jana nilikuta gazeti moja bado linataka Bujumbura, wakati tangu 2019 mji mkuu wa kisiasa wa Burundi ni Gitega. Ni dhahiri jedwali lilitolewa kwenye kabati la zamani likapigwa vumbi. Hiyo si kuchemsha bongo, ni kuipasha moto bongo ya jana.

Nikapeleka majedwali ya rafiki yangu kwa mhariri mmoja ninayemheshimu (gazeti nalihifadhi, bado nataka kula). Akayasoma, akatabasamu, akasema wasomaji wetu watachoka, niweke miji mikuu na majina ya mawaziri. Kisha akaongeza neno lililoniuma: mafumbo ya namna hii ni ya Waingereza, Kiswahili hakina nafasi nayo.

Jamani. Lugha ambayo mwanamke anaweza kumsema jirani yake mtaa mzima kwa kuvaa kanga tu, bila kufungua mdomo? Lugha ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, ambaye karne mbili zilizopita alitunga mashairi ya kumpiga vijembe mpinzani wa kisiasa, na asiyejua akadhani yanazungumzia jambo jingine kabisa?

Ni kweli mchezo wa visanduku tumeukuta. Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, ndiye aliyelichapisha lile linalohesabiwa la kwanza, katika gazeti la New York World la Desemba 21, 1913. Na lake lilikuwa la maana za kamusi tu, kama haya yetu. Waingereza ndio walioligeuza kuwa fumbo katika miaka ya 1920. Januari 1942, katikati ya vita, gazeti la Daily Telegraph liliwaita wasomaji ofisini London washindane kufumbua jedwali kwa chini ya dakika 12, na baadaye baadhi yao wakaitwa kufanya kazi Bletchley Park, mahali zilipokuwa zikivunjwa siri za maandishi ya Wajerumani. Walikuwa wakitafuta watu wenye jicho la kuona neno ndani ya neno.

Lakini kuiga moja kwa moja hakutatufikisha. Kidokezo chao kimoja mashuhuri ni HIJKLMNO, na jibu ni maji: H mpaka O, na "mpaka" kwa Kiingereza hutamkwa kama "mbili", kwa hiyo H2O. Kizuri sana, na kwa Kiswahili kimekufa. Cha kwetu lazima kitoke kwetu. Mfano: "Usiondoke, wewe wa baharini, utaniunguza (3)". Kaa kitako, kaa wa baharini, kaa la moto. Au hiki ninachokipenda kuliko vyote: "Samaki wakivurugika, mvua hunyesha (6)". Chukua herufi za samaki, zikoroge, unapata masika. Nani aliyepanga hivyo? Sijui, lakini vimo humo vinasubiri mtu.

Mhariri angeniambia Kiswahili kina tatizo la kiufundi, hapo ningemkubalia. Ukiwa na herufi ya mwisho ya jibu la Kiingereza, umepata kitu. Kwa Kiswahili ukigundua neno linaishia na A, hujagundua kitu. Nusu ya kamusi inaishia na A. Herufi ya kwanza nayo ni ngeli: M, K, U. Maneno yetu huficha siri yake katikati. Na kitenzi kimoja kinaweza kumeza sentensi nzima, mtunzi mvivu akakuletea "alinipiga" kama jibu.

Dawa yake nilionyeshwa na mama yangu, mtu wa Pangani, darasa la saba. Nilimsomea kwa simu: "Lima kinyume, upate utajiri (4)". Sikufika kwenye mabano. "Mali." Ametumia muda gani? Hakutumia. Utotoni walikuwa wakizungumza kinyume mtaani, silabi ya nyuma inakuja mbele, ili watu wazima wasielewe. Wenzangu watatu wenye digrii, nilipowapa hicho hicho, mmoja alianza kutafuta bei ya korosho.

Lakini samaki na masika vilimshinda kabisa mama. "Nani anayekata maneno vipande vidogo hivyo?" akaniuliza, kwa hasira kidogo. Kwake neno lina sa, ma na ki. Herufi moja moja ni mambo ya shule. Nikafikiria Wajapani, ambao kisanduku chao kimoja hubeba silabi, si konsonanti tupu. Kwa nini sisi tusifanye hivyo? Weka "ma" katika kisanduku kimoja na "li" katika kingine, na ile A ya mwisho isiyosaidia inarudi na konsonanti yake. Rafiki yangu ameshaanza kuchora jedwali la silabi, tano kwa tano. Analalamika kwamba "mwa" na "nga" zinambana kwenye visanduku, nimemwambia anunue rula kubwa.

Mhariri nitamrudia. Safari hii sitampelekea hoja, nitampelekea jedwali na kalamu, nimwache na chai yake.

Mama naye hakutaka deni. Usiku ule alinitumia ujumbe: "Nimeugeuza wali, sasa najipaka usoni. Silabi 2. Usimuulize dada yako." Ilinichukua siku mbili. Jibu siliandiki hapa.