Mwimbaji akitaka kuigiza, apange foleni kama wengine

Pitia Kagio siku ya soko, kisha usimame dakika kumi karibu na kibanda cha kuwekea watu muvi kwa flashi. Sikiliza vile vijana wanauliza. Ni wachache watakaouliza hadithi inahusu nini. Wengi watauliza tu, "Stelingi ni nani?"

Watayarishaji wa filamu wa huku kwetu, kutoka Sagana hadi Nyeri, wanalijua swali hilo vizuri sana. Na jibu lao siku hizi ni rahisi. Tafuta mwimbaji mwenye wafuasi wengi TikTok, mpe nafasi kubwa, bandika uso wake kwenye bango, basi. Kama ameigiza maishani mwake ama hajaigiza, hiyo ni hadithi ya kesho.

Hebu tuambiane ukweli: hapo tunakosea. Sina noma na waimbaji. Mugithi ikipigwa Jumamosi usiku hata mimi huwa siketi. Lakini wafuasi ni kitu kimoja na uigizaji ni kitu kingine, na kuna mtu anayelipia gharama ya kuvichanganya hivi viwili.

Mtu huyo unamjua. Ni yule kijana aliyecheza drama shuleni mpaka akafika Tamasha la Kitaifa la Drama na Filamu. Alipomaliza kidato cha nne alijiunga na kikundi cha setbook. Amezunguka shule za Kirinyaga, Nyeri na Murang'a akiigiza Kigogo, halafu Bembea ya Maisha, mbele ya wanafunzi mia kadhaa kwenye ukumbi usio na kipaza sauti. Asubuhi ni mzee, mchana ni chifu, jioni ni mama mkwe kama msichana wao hajafika. Malipo yake ni nauli na chakula, na kitu kidogo mfukoni mwezi ukiwa mzuri. Hiyo ndiyo shule yake ya uigizaji, na ameisoma kwa jasho. Halafu filamu inakuja mtaani kwake na anaambiwa abebe viti.

Najua mtayarishaji atasema nini. Atasema hana pesa za matangazo, na mwimbaji akiweka video moja tu ya kukaribisha watu, kazi imeisha. Sawa, hoja hiyo ina uzito. Filamu zetu nyingi zinatengenezwa kwa pesa za kuchangiana na zinaishia YouTube. Lakini jiulize swali hili: mtu anayekuja kucheza ngoma baa, anayesikiliza wimbo wa dakika nne akiwa kwa matatu, kweli atakaa saa moja unusu kumtazama huyo huyo akisoma maneno kama taarifa ya habari? Atabonyeza aone, acheke kidogo, aondoke. Na akiondoka, anaondoka na imani yake kwa filamu zote za huku, hata zile nzuri.

Kuigiza kuna mambo yake. Video ya muziki inakufundisha kuiangalia kamera moja kwa moja, na filamu inataka uisahau kabisa kamera. Kwenye video, wimbo unapigwa na wewe unafuata kwa midomo. Kwenye filamu lazima umsikilize mwenzako kwanza ndipo umjibu, na jibu lako litoke kwake. Tukio moja linarudiwa mara nane, kamera ikiwa huku, kisha kule, na kila mara machozi yatoke palepale yalipotoka. Mtu aliyepiga gitaa mpaka saa kumi za usiku akifika kazini saa moja asubuhi, unategemea nini? Na ukimpa nafasi ya mkulima wa mpunga wa Mwea, anakuja na mkufu na miwani ya jua eti asiharibu jina. Matope yatapakwa nani sasa?

Kuna watakaoniambia kwamba kwa mila zetu sanaa ni moja, kuimba na kuigiza havikutenganishwa. Ni kweli kabisa. Lakini mfano mkubwa tulio nao huku ni Kamĩrĩĩthũ kule Limuru, mwaka 1977, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, Ngaahika Ndeenda. Mchezo ule ulijaa nyimbo, na waigizaji wake walikuwa wakulima na wafanyakazi wa kawaida. Walipatikanaje? Majaribio na mazoezi yalifanywa hadharani, wanakijiji wakitazama, wakisahihisha, wakisema nani anafaa wapi. Mazoezi yalichukua miezi. Serikali iliusimamisha baada ya muda mfupi, lakini hakuna aliyesema waigizaji walikuwa wabovu.

Na waimbaji waliofaulu kwenye filamu wapo, tena wengi. Angalia walivyoingia. Kule Tanzania, TID aliingia kwenye Girlfriend, filamu ya mwaka 2003 iliyoelekezwa na Mkenya mwenzetu, marehemu George Tyson. Ilikuwa hadithi ya maisha na muziki, kwa hivyo mwanamuziki alianzia pale anapopajua. Uganda, Bobi Wine aliigiza kwenye Divizionz mwaka 2007 na Situka mwaka 2015, lakini usisahau kwamba alikuwa amesomea muziki, densi na drama Chuo Kikuu cha Makerere.

Hapa nyumbani, Sanaipei Tande tulimjua kwa sauti tangu Popstars ya mwaka 2004, alipotoka na kundi la Sema. Leo kuna watazamaji wa tamthilia ya Kina wanaomjua kama Nana Tandala kabla hawajamjua kama mwimbaji. Samantha Mugatsia alikuwa mpiga ngoma wa bendi. Wanuri Kahiu alipompa nafasi kwenye Rafiki ya mwaka 2018, hakuwa na jina la kujaza bango. Mwaka uliofuata alishinda tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwenye tamasha la FESPACO kule Burkina Faso. Hakuletwa na wafuasi. Aliweza kazi.

Hata Will Smith, ambaye leo ana Oscar, alianza kama rapa. Alipoingia kwenye The Fresh Prince of Bel-Air mwaka 1990, alikariri mswada wote, mpaka ukiangalia zile sehemu za mwanzo vizuri utaona midomo yake ikifuata maneno ya wenzake. Oscar aliipata mwaka 2022. Hapo katikati kuna miaka 32 ya kujifunza.

Sasa geuza sarafu. Filamu ya Kenya ambayo karibu kila kijana wa huku ameiona ni Nairobi Half Life ya mwaka 2012. Stelingi wake ni Mwas, kijana wa mashambani anayeuza kanda za muvi na kuziigizia wateja njiani. Aliyemwigiza, Joseph Wairimu, hakuwa msee wa kujulikana, lakini alitoka na tuzo ya mwigizaji bora kwenye tamasha la Durban. Kama David Tosh Gitonga angetafuta uso wa kuuza bango, Mwas angekuwa mwimbaji fulani wa Nairobi, na pengine tungekuwa tumeshaisahau filamu yenyewe.

Basi tufanye nini? Mtayarishaji, fanya majaribio ya wazi. Bandika tangazo stendi ya Kagio, Kutus, Karatina na Nyeri, na mwimbaji aje asome mistari ileile na yule kijana wa setbook. Akimshinda, nafasi ni yake na mimi nitakuwa wa kwanza kupiga makofi. Asipomshinda, bado ana kazi: aimbe wimbo wa filamu, aonekane kwenye tukio la harusi ama la baa, ajifunze polepole. Bango lako litapata jina na filamu yako itapata mwigizaji. Na malipo yaandikwe. Mambo ya mmoja kulipwa kabla ya kushuka kwa gari na wengine kuambiwa "tutaongea" ndiyo yanafanya watu wenye kipaji warudi kupanga nyanya kwa makreti.

Na wewe unayesoma hii kwa simu, usijitoe. Tangazo la filamu ya mtaani likitoka, wewe ndiye unaandika "mngeweka fulani". Mtayarishaji anasoma hayo maneno na kuyapigia hesabu. Safari hii, kama kuna msichana usiyemjua jina ambaye amekufanya usahau unatazama skrini, tuma kipande chake kwa watu wako, uliza anaitwa nani. Wafuasi hata yeye anaweza kupata, na atawapata kwa kazi.

Mwimbaji wa Kagio, mlango haujafungwa, tena una kitu ambacho wengi hawana: unajua kusimulia kisa kizima kwa dakika nne na watu wakalia. Ukipigiwa simu kesho uambiwe kuna filamu, uliza mambo matatu. Majaribio ni lini? Mswada uko wapi niusome? Na wale wengine wanalipwa ngapi? Ukijibiwa vizuri, nenda. Ukiambiwa "wewe kuja tu, jina lako linatosha", jua wanataka bango. Waachie, uendelee na gitaa lako.