Ufa Hauzibwi kwa Plasta na Rangi

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii hufunzwa katika kila darasa la Kiswahili, lakini yafaa tuulize: ni kuziba kupi kulikokusudiwa? Mwenye nyumba afichaye ufa kwa plasta na rangi amebadilisha sura ya ukuta tu, wala hakuongeza nguvu yake hata chembe.

Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, jengo la orofa sita liliporomoka mtaani Huruma, Nairobi, kufuatia mvua kubwa. Zaidi ya watu 40 walifariki. Alama ya X inayochorwa kwenye majengo hatari tunaifahamu sote. Kwetu sisi wanaisimu, hiyo ni ishara yenye maana moja tu: bomoa. Mpangaji asiye na pa kuhamia huendelea kulala chini yake.

Kwingineko wahandisi wanalo neno jingine: imarisha. Wavu wa nyuzi za kaboni au kioo hulazwa ndani ya tabaka jembamba la saruji na mchanga laini, likapakwa juu ya boriti au nguzo kuukuu. Nchini Ujerumani, vyuo vikuu vya Dresden na Aachen vimeichunguza mbinu hii kwa miaka mingi. Mwaka 2006, paa la zege la ukumbi wa chuo huko Schweinfurt liliimarishwa kwa tabaka la unene wa milimita 15 pekee.

Hata hivyo, nguvu hiyo haikuaminiwa kwa maneno matupu. Vipande vya majaribio huvutwa kwa mashine hadi vishindwe, ili ijulikane iwapo nyuzi zimekatika, zimeteleza ndani ya saruji, au tabaka zima limebanduka kwenye zege. Likibanduka mapema, nyuzi hizo za bei ghali ni pambo tu. Isitoshe, nyuzi za kioo cha kawaida huliwa na ukali wa saruji yenyewe. Ndiyo maana hutumiwa za aina maalumu.

Basi vyuo vyetu vya uhandisi viipime mbinu hii kwa saruji yetu, mchanga wetu na zege la majengo yetu, kabla ya wauzaji kuinadi kama dawa ya kila ugonjwa. Haitaokoa jengo lenye msingi mbovu wala zege linalomomonyoka mkononi. Hilo libomolewe, na wakazi wahamishwe kwa utu. Pasipo vipimo, wavu huo utakuwa plasta nyingine ya kuficha ufa, nasi tutaendelea kuusoma ukweli kwenye vifusi.