Mtafiti wa Miamba Hahitaji Tovuti Nyingine

Leo naomba kuwachokoza wenzangu wa programu. Mtafiti wa jiolojia akitujia na shida ya data, jibu letu la kwanza huwa ni kumjengea tovuti: ukurasa wa kuingilia, nywila, ramani ya rangi, chati tatu. Ufadhili ukiisha, seva inazimwa na data inazama nayo. Mimi nasema kitu chenye faida kwake ni programu ndogo isiyo na sura, mistari mia tatu hivi, inayokaa kati ya daftari lake na ramani yake na kuzuia uchafu usipite. Nitatumia Migori na Homa Bay kueleza, maana kaunti hizi mbili zina kila aina ya mtego.

Tuanze Homa Bay. Mwaka 1932, kule Kanam kwenye rasi ya Homa, Juma Gitau wa msafara wa Louis Leakey alipata kipande cha taya ya binadamu. Mwaka uliofuata wataalamu walikutana Cambridge wakaipokea kama ushahidi wa ukale mkubwa. Januari 1935 akaja Percy Boswell, mwanajiolojia kutoka London, kuona mahali penyewe. Leakey hakuweza kumwonyesha. Vigingi vya chuma alivyopigilia ardhini vilikuwa vimeng'olewa na wenyeji, yasemekana wakavifulia vyusa vya kuvulia samaki. Mvua nayo ilikuwa imekula udongo. Na picha iliyopewa jina la mahali pale ikaonekana ni ya sehemu nyingine kabisa. Boswell aliyaandika hayo kwenye jarida la Nature mwezi Machi 1935, na jina la Leakey likachafuka.

(Wenyeji siwalaumu hata kidogo. Chuma ni chuma, na samaki ni chakula.)

Kisa hiki husimuliwa kama ugomvi wa wasomi. Mtu wa kompyuta anaona rekodi iliyokosa safu mbili: latitudo na longitudo.

Linganisha na Nyayanga, kwenye rasi ileile. Mwaka 2023 timu ya Thomas Plummer ilichapisha katika Science habari za zana 330 za mawe, mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa, na meno mawili ya Paranthropus, umri kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3. Mwaka 2025 likafuata jambo ambalo kwangu ni tamu zaidi: mawe ya baadhi ya zana hizo yalibebwa kutoka umbali wa hadi kilomita 13. Walijuaje? Kwa kulinganisha kemia ya zana na kemia ya miamba ya sehemu mbalimbali. Kwa lugha yetu, waliunganisha majedwali mawili. Na muungano wa namna hiyo hauna maana yoyote kama huna hakika kila sampuli ya mwamba ilitoka wapi.

Sasa njoo Migori, ambako kosa la namba haliwaumizi wasomi peke yao. Ukanda wa dhahabu wa Migori umeandikwa zamani. Ripoti ya Shackleton ya idara ya jiolojia ya Kenya ni ya mwaka 1946. Siku hizi, upande wa Nyatike, sehemu kama Macalder, wachimbaji wadogo wanasaga mawe, wanaosha, kisha wanakamata dhahabu kwa zebaki. Watafiti wamechota udongo, maji na matope huko wakakuta zebaki. Namba hizo ndizo zitakazoamua watu wachote maji kisima gani na wakiache kipi.

Tazama basi mitego. Ramani za zamani za Kenya za 1:50,000 zimechorwa kwa datamu ya Arc 1960. GPS ya simu yako inatumia WGS84. Soma nukta kwenye ramani ya karatasi, uiweke kwenye ramani ya kompyuta bila kuigeuza, na nukta itasogea karibu mita 300. Mita 300 pale Macalder ni kisima cha jirani. Programu ya kugeuza ipo na ni ya bure, inaitwa PROJ, nayo inajua kwamba 21036 ni Arc 1960 kanda ya 36 kusini na 32736 ni WGS84 kanda hiyohiyo. Ila haiwezi kubahatisha data yako ni ipi kati ya hizo. Lazima mtu aandike.

Mtego wa pili ni alama ya kutoa. Sisi tuko kusini mwa ikweta. Ukiisahau alama hiyo, mji wa Migori unapaa hadi Mlima Elgon, na Homa Bay inatua karibu na Bungoma. Hilo angalau linachekesha, na ukifungua ramani unaliona. Hatari zaidi ni dakika: mtu anasoma longitudo 34°28' halafu anaandika 34.28. Hapo nukta imekwenda magharibi kilomita ishirini hivi. Kutoka Migori mjini inaangukia huko huko Nyatike, ndani ya kaunti ileile, mahali panapoaminika kabisa. Jicho halitalikamata kosa hilo.

Halafu kuna maabara. Kiasi kikiwa kidogo mno kupimika, maabara huandika <0.05. Chukua sampuli kumi: sita ni <0.05, nne ni 1, 2, 3 na 2. Mwambie Excel atafute wastani na atazipuuza zile sita kwa sababu anaziona ni maneno; atakupa 2. Mwanafunzi akiandika sifuri badala yake, anapata 0.8. Udongo ni uleule, ripoti mbili. Na ukiipa sampuli jina MAR-3, Excel ataifanya tarehe 3 Machi bila kukuuliza. Msidhani natia chumvi: mwaka 2020 wanasayansi wanaosimamia majina ya jeni za binadamu walibadilisha majina kadhaa kwa sababu hiyohiyo.

Programu ninayoitetea inafanya nini? Inasoma faili ghafi na hailigusi kamwe. Safu isiyo na datamu inarudishwa. Nukta iliyo nje ya kaunti iliyotajwa inarudishwa, na zile za ndani zinalinganishwa na jina la kijiji, hapo ndipo dakika zinapokamatwa. Alama ya < inawekwa kwenye safu yake, namba kwenye safu yake. Kilichopita kinaingia SQLite, faili moja unaloweza kubeba kwenye flashi. Kilichokataliwa kinaandikwa na sababu yake kwa Kiswahili au Dholuo, maana anayechota sampuli mara nyingi ni kijana wa pale pale, na ndiye anayejua shimo lipi ni lipi.

Mtaniambia ODK ipo tangu 2008 na inafanya kazi. Ni kweli, itumieni. Kukusanya kwa simu inaweza vizuri kuliko chochote tutakachoandika sisi. Lakini haisomi daftari la 1998 wala karatasi ya maabara, na data nyingi ya miamba imekaa huko.

Pingamizi ninaloliheshimu ni lingine: nani atatunza hiyo skripti mwandishi akipata kazi Nairobi? Hapa ndipo ninapotaka vyuo vya huko, Rongo na Tom Mboya, viingie. Mwanafunzi wa kompyuta anamaliza na mfumo wa maktaba ambao hakuna atakayeutumia. Mpeni faili la sampuli za mwenzake wa jiolojia, na sharti moja: kabla hajapewa alama, mtu wa tatu aiendeshe programu hiyo kwenye kompyuta nyingine, bila intaneti, mwandishi akiwa nje ya mlango.